Wiski za dunia na gongo ya mabibo: Tofauti iko wapi?

KATIKA baa nyingi za Maili Moja, mjini Kibaha, chupa za pombe kali hupangwa kwa daraja. Rafu ya chini, pale mhudumu anapofika bila kunyoosha mkono, hukaa Konyagi na K-Vant. Rafu ya juu, karibu na taa, hukaa wageni: Johnnie Walker ya lebo nyekundu na nyeusi kutoka Scotland, Jameson ya Ireland, Jack Daniel's ya Marekani, na pengine Hennessy ya Ufaransa, ambayo si wiski hata kidogo ingawa wengi huihesabu humo humo. Mteja akipanda cheo kazini au akiuza kiwanja, hupandisha na macho yake rafu moja.

Kusini mwa Kibaha, katika Wilaya ya Kisarawe, nyuma ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kipo kinywaji kikali ambacho hakijawahi kupanda rafu yoyote. Hutengenezwa kwa mabibo, lile tunda laini la mkorosho ambalo mkulima hulitupa akishang'oa korosho yake. Hupikwa kwa kificho, huuzwa kwa kificho, na hunywewa haraka kabla mgambo hajapita. Wanywaji wamekipa majina mengi: gongo ndilo maarufu, lakini wapo wanaokiita supu ya mawe au machozi ya simba. Sheria ya nchi inakiita moshi, nacho ni haramu.

Sehemu kubwa ya wenyeji wa wilaya hizi ni Waislamu, na kwa familia nyingi mjadala wa pombe ipi bora ulifungwa kabla haujaanza. Kwa wale wanaokunywa, ubishi juu ya wiski ya nchi gani ndiyo kiboko huibuka karibu kila mwisho wa mwezi, na mara nyingi humalizwa kwa bei: iliyo ghali ndiyo bora. Bei ni mizani mbovu. Ukifuatilia jinsi wiski inavyotengenezwa huko inakotoka, utaona kwamba pengo kati ya chupa ya rafu ya juu na ndoo ya Kisarawe halitokani na ujuzi wa Mzungu wala ujinga wa Mswahili. Linatokana na pipa, muda na sheria. Pengo hilo si la ladha peke yake, kwani wapo waliopoteza macho, na wengine maisha, kwa sababu yake.

Kimea, shaba na pipa

Aliyewahi kuona mbege ikiandaliwa Kilimanjaro hahitaji kufundishwa hatua ya kwanza ya wiski. Mbege huhitaji kimea cha ulezi. Wiski ya Scotland huhitaji kimea cha shayiri. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa kabla chipukizi halijamaliza akiba ya ndani ya punje. Kuchipua huko huamsha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Kimea husagwa, humwagiwa maji ya moto, na maji yake matamu yakishapoa hutiwa hamira. Baada ya siku chache hupatikana kitu kama bia changa, yenye kilevi cha asilimia 8 hivi.

Hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha bia na pombe kali. Kilevi huchemka katika nyuzijoto 78 za Sentigredi, maji katika nyuzijoto 100. Bia ile ikichemshwa ndani ya chungu kikubwa cha shaba, mvuke wenye kilevi kingi hutangulia kupanda, hupita katika bomba linalopozwa kwa maji, na kutona upande wa pili. Scotland kwa kawaida hurudia kazi hiyo mara 2. Viwanda vingi vya Ireland hurudia mara 3. Mpishi hukaa macho akiugawa mtiririko. Unaotangulia, wenye harufu kama ya gundi au rangi ya kucha, huutenga. Wa katikati huuweka, kwa maana huo ndio moyo wa kazi. Wa mwisho, mzito na wenye mafuta, nao huutenga. Shaba yenyewe si pambo: hunasa harufu za salfa ambazo zingeifanya pombe inuke kama yai viza.

Kinachopatikana ni kimiminika cheupe kama maji, chenye ukali wa karibu asilimia 70, na hakiruhusiwi kuitwa wiski. Sheria inataka kikae ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, ndani ya ardhi ya Scotland, kwa miaka isiyopungua 3, na kiingie chupani kikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Kanuni za sasa ni za mwaka 2009, lakini sharti la umri ni mtoto wa Vita Kuu ya Kwanza. Sheria ya mwaka 1915 iliweka miaka 2, na mwaka 1916 ikawa 3. Serikali ya Uingereza wakati huo ilikuwa ikihangaika na ulevi wa wafanyakazi wa viwanda vya silaha. Haikuwa ikitafuta ladha. Ladha ilikuja kama faida ya pembeni.

Pipa ndilo linaloipa wiski rangi ya dhahabu na ule utamu wa vanila. Mapipa mengi ya Scotland yamewahi kubeba wiski ya Marekani, na mengine mvinyo wa sherry wa Hispania, na kila pipa hukumbuka lilichobeba. Hapo pana jambo ambalo wanywaji wengi hawalifahamu: sheria hiyo hiyo ya Scotland inaruhusu kuongeza rangi ya karameli, hivyo weusi wa wiski si ushahidi wa uzee wake. Umri ulioandikwa kwenye lebo ndio ushahidi, nao ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa ndani ya chupa hiyo. Johnnie Walker nyeusi hutaja miaka 12. Nyekundu haitaji umri wowote, na anayeinywa bila soda hugundua sababu mapema.

Scotland nayo ilikuwa na gongo yake

Kumbukumbu ya zamani zaidi ya pombe hiyo katika vitabu vya hazina ya Scotland ni ya mwaka 1494, ambapo mtawa aitwaye John Cor alipewa kimea kwa ajili ya kutengeneza “maji ya uhai”. Jina la wiski lenyewe limetokana na maneno ya Kigaeli yenye maana hiyo hiyo. Mambo yalikuja kuharibika serikali ilipoona fedha ndani yake. Kodi zilipanda, na mitambo ikakimbilia mabondeni. Kwa vizazi kadhaa, sehemu kubwa ya wiski ya nyanda za juu za Scotland ilipikwa usiku, ikafichwa mapangoni na kusafirishwa kwa njia za panya, huku askari wa forodha wakivunja mitambo leo na kuikuta imesimama tena kesho.

Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilibadili mbinu. Lilipunguza ushuru na kuweka leseni ambayo mtu wa kawaida angeweza kuimudu. Mwaka 1824 mkulima George Smith wa bonde la Glenlivet alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukata leseni. Majirani zake, waliokuwa bado wakipika kwa magendo, walimwona msaliti na kutishia kumchomea kiwanda, hata ikambidi kutembea na bastola 2 kiunoni. Baada ya miaka michache biashara ya magendo ilianza kufifia yenyewe. Leo Glenlivet huuzwa duniani kote, na hakuna anayeiita gongo.

Ladha za nchi na nchi

Scotland yenyewe si ladha moja. Katika kisiwa cha Islay, kimea hukaushwa kwa moto wa mboji iliyochimbwa ardhini na kukatwa mithili ya matofali, na moshi wake hubaki ndani ya kinywaji hadi mwisho. Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg zinatoka huko. Anayezionja kwa mara ya kwanza hudhani amepewa dawa ya hospitali iliyochanganywa na majivu, na wengine hawarudi tena. Wanaorudi hawataki nyingine. Inachekesha kidogo kwamba kile ambacho sheria ya Tanzania inakiita moshi hakina moshi wowote ndani yake, ilhali hawa wanaulipia kwa fedha nyingi. Bonde la mto Spey kwa upande wake hutoa wiski laini, zenye harufu ya matunda na asali. Nyingi ya chupa zinazofika Kibaha ni za mchanganyiko, yaani wiski za kimea kutoka viwanda kadhaa zilizounganishwa na wiski nyepesi ya nafaka nyingine ili ladha ya mwaka huu isitofautiane na ya mwaka jana.

Ireland ni jirani mpole. Kukeneka mara 3, pamoja na desturi ya zamani ya kuchanganya shayiri iliyochipua na ambayo haijachipua, hutoa kinywaji laini kisichokwaruza koo. Jameson huhesabu historia yake tangu mwaka 1780. Kwa anayeanza, hii ndiyo yenye adabu kuliko zote za rafu ile, na ni ajabu kwamba katika miji yetu bado inakaa nyuma ya lebo nyekundu ambayo inaishinda kwa jina tu.

Marekani hutumia nafaka yetu. Bourbon, kwa sheria, lazima itokane na mahindi kwa asilimia isiyopungua 51, na ikae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Kwa kuwa pipa lazima liwe jipya, yaliyotumika huuzwa nje, ndiyo maana Scotland huyapata. Mahindi na pipa lililoungua huleta utamu mzito wa karameli. Jack Daniel's ya mji wa Lynchburg, Tennessee, huongeza hatua moja: pombe mpya huchujwa kupitia mkaa wa mti uitwao mepo kabla ya kuingia pipani. Miaka mingi watalii waliofika kiwandani hapo walisimuliwa habari za Jack Daniel mwenyewe, lakini mtu aliyemfundisha kazi ya mtambo alikuwa Nathan Green, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, ambaye baada ya kupata uhuru akawa mpishi mkuu wa kwanza wa kiwanda hicho. Kampuni ilianza kulieleza jambo hilo waziwazi mwaka 2016. Wilaya yenye kiwanda hicho, kwa bahati ya ajabu, ni ya wilaya za Marekani ambazo sheria zake hukataza kwa sehemu kubwa uuzaji wa pombe.

Japan ni hadithi ya mwanafunzi aliyemshinda mwalimu. Masataka Taketsuru alikwenda Scotland mwaka 1918, akasoma kemia, akafanya kazi viwandani na kurudi na daftari lililojaa maelezo pamoja na mke wa Kiskoti. Alimsaidia Shinjiro Torii kuanzisha kiwanda cha Yamazaki mwaka 1923, kisha mwaka 1934 akajenga cha kwake Yoichi, katika kisiwa cha baridi cha Hokkaido. Wiski zao ni safi, zimepimwa kwa uzani wa sonara. Hata hivyo, kwa miaka mingi sheria ya Japan ilikuwa legelege kiasi kwamba wiski iliyoagizwa kutoka nje iliweza kuwekwa kwenye chupa yenye maandishi ya Kijapani na kuuzwa kama ya huko. Chama cha watengenezaji kilijiwekea kanuni mwaka 2021, zikaanza kutumika kikamilifu Aprili 2024.

India ndiko wiski nyingi zaidi hunywewa, na ndiko ubishi wa jina ulikokuwa mkali. Sehemu kubwa ya kinachoitwa wiski huko hutengenezwa kwa spiriti ya molasi, yaani masalia ya kiwanda cha sukari, na kutiwa rangi na ladha. Umoja wa Ulaya haukubali kuiita wiski. Kiwanda cha Amrut cha Bangalore kilijibu kwa vitendo: mwaka 2004 kilizindua wiski ya shayiri tupu mjini Glasgow, nyumbani kwa wakali wenyewe, na leo wajuzi huitaja bila kusita.

Kwa Mwafrika, ya kutazamwa zaidi ni Bain's ya Afrika Kusini. Hutengenezwa kwa mahindi yaliyolimwa nchini humo, katika kiwanda cha James Sedgwick, mjini Wellington, jimbo la Rasi ya Magharibi. Ilizinduliwa mwaka 2009, na mwaka 2013 ikatajwa kuwa wiski bora ya nafaka duniani katika tuzo za World Whiskies Awards, kisha ikarudia mwaka 2018. Ni laini, ina harufu ya vanila na ndizi mbivu. Mahindi ambayo Tanzania huyasaga ugali, wenzetu wameyapeleka jukwaani yakarudi na tuzo mara 2.

Joto la kwetu

Wapo wanaouliza kwa nini isipikwe wiski ya Kibaha. Kikwazo si nafaka. Kila pipa hupumua, na sehemu ya kilichomo hupotea hewani. Scotland hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka, nao huliita fungu la malaika. Bangalore hupoteza asilimia 10 au zaidi. Kwa hesabu hiyo, pipa lililojazwa leo katika nchi ya joto na kuachwa miaka 12 lingebakiwa na chini ya theluthi moja. Lakini joto hilo hilo huharakisha kazi ya mbao: wiski ya miaka 4 au 5 ya India, au ya Kavalan ya Taiwan, hufikia ukomavu ambao Scotland huusubiri mara mbili ya muda huo. Hivyo namba kubwa kwenye lebo si kipimo kinacholinganishika kutoka nchi hadi nchi. Mitano ya joto si mitano ya baridi.

Konyagi haijiingizi katika ubishi huo. Jina lake limetokana na Cognac, mji wa Ufaransa wenye brandi maarufu, lakini kinywaji chenyewe ni spiriti nyeupe itokanayo na miwa, yenye kilevi cha asilimia 35, isiyopitia pipa. Inatengenezwa Chang'ombe, Dar es Salaam. Sifa yake ni kwamba haidai umri isiokuwa nao. Chupa ya kuogopa ni ile ya bei nafuu iliyoandikwa wiski kwa herufi za dhahabu, yenye picha ya kasri, lakini isiyotaja nafaka, umri wala kiwanda ilikopikwa. Mara nyingi hiyo ni spiriti kama nyingine, imepakwa rangi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kurudi kwenye mabibo

Msimu wa korosho unapofika, Kisarawe kama ilivyo Mkuranga na Rufiji hunuka utamu mchachu wa mabibo yaliyodondoka. Bibo lina uzito mara kadhaa ya korosho iliyoning'inia chini yake, lina majimaji mengi na sukari ya kutosha, na huoza ndani ya siku moja au mbili. Hakuna soko lake la maana. Anayeyakusanya huyakamua, huyaacha yachachuke, na kupata pombe nyepesi ambayo watu wa Mtwara na Lindi huiita uraka. Ikipikwa kwenye pipa lenye mrija uliopitishwa ndani ya maji baridi, hutoka gongo.

Neno uraka lenyewe lina safari ndefu. Wareno waliutoa mkorosho Brazil katika karne ya 16 na kuupanda katika pwani mbili za Bahari ya Hindi, ya Afrika Mashariki na ya magharibi mwa India. Jimboni Goa, lililokuwa koloni lao hadi mwaka 1961, mtono wa kwanza wa mabibo huitwa urrak, na ukikenekwa tena huwa feni. Maneno hayo mawili, uraka na urrak, yaelekea ni ya ukoo mmoja, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya jasho, kwa jinsi pombe inavyotona kutoka kwenye mtambo.

Tunda ni moja, mwambao ni mmoja, mtambo unafanana; kilichofuata ndicho kilichotofautiana. Goa hutoa leseni kwa wapishi wa feni. Mwaka 2009 feni ya mabibo ilisajiliwa India kwa alama ya asili ya kijiografia, hifadhi ya aina ile ile inayolinda jina la wiski ya Scotland, ili mtu wa jimbo jingine asiweze kulitumia jina hilo. Watalii huinunua katika chupa safi na kuondoka nayo. Uganda ilichukua njia ya katikati: sheria ya mwaka 1965 ilipiga marufuku upishi usio na leseni na kutaka pombe ya vijijini ipelekwe kiwandani ikasafishwe, ndipo ikazaliwa Uganda Waragi. Kenya iliihalalisha chang'aa kwa masharti mwaka 2010. Tanzania ilitunga sheria ya moshi mwaka 1966, na tangu hapo habari za gongo ni habari za polisi: mitambo kuvunjwa, madumu kumwagwa, akina mama kupandishwa kizimbani.

Hofu ya serikali si ya bure. Hatari kubwa katika pombe isiyopimwa ni methanoli, ndugu wa kilevi cha kawaida, anayefanana naye kwa rangi na harufu kiasi kwamba ulimi hauwezi kuwatofautisha. Matunda, kwa sababu ya pektini iliyomo ndani yake, hutoa methanoli nyingi kidogo kuliko nafaka, ingawa kwa kawaida si kwa kiwango cha kuua. Misiba mikubwa hutokea pale muuzaji anapoongeza methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali na faida iwe nono. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi Novemba 2000, ambapo zaidi ya watu 100 walifariki dunia katika mitaa ya mabanda, na wengine wakapofuka. Uganda ilizika makumi ya watu mwaka 2010, na Kenya ikarudiwa na msiba wa aina hiyo mwaka 2014.

Mwilini methanoli hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, nayo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Ujanja wake ni kuchelewa. Mnywaji hulewa kama kawaida, hulala, na dalili huanza baada ya saa 12 hadi 24: tumbo kuuma, kupumua kwa haraka, na macho kuona ukungu mweupe. Wengi hudhani ni uchovu wa pombe na kuendelea kulala. Ipo tiba hospitalini, ikiwemo dawa za kuuzuia mwili usiigeuze sumu hiyo na mashine ya kusafisha damu, lakini kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kuyaokoa macho. Anayeona ukungu asubuhi baada ya kunywa akimbizwe hospitali; maziwa na ndimu havisaidii kitu. Hatari nyingine hutoka kwenye mtambo wenyewe, hasa pipa lililowahi kubeba kemikali na mabomba yaliyounganishwa kwa risasi.

Tatizo haliishii kwenye gongo. Serikali ilipopiga marufuku pombe kali za viroba kuanzia Machi 1, 2017, moja ya hoja ilikuwa urahisi wa vijana kuzipata, kwani pakiti moja iliingia mfukoni na bei yake ilikuwa ya chenji. Chupa za rafu ya juu nazo hughushiwa, kwa kujaza pombe duni ndani ya chupa tupu yenye jina kubwa. Tangu Januari 2019 Mamlaka ya Mapato Tanzania inabandika stempu za kielektroniki kwenye pombe kali, na ipo programu ya simu iitwayo Hakiki Stempu inayomwezesha mteja kuikagua mwenyewe. Ni wachache wanaoitumia baa. Kumwambia mhudumu asubiri uipige picha chupa kunaonekana kama kumtuhumu, na aibu hiyo ndiyo mtaji wa wanaoghushi. Njia ya mkato ni kuomba chupa ifunguliwe mbele yako.

Upo pia upande wa kipimo. Toti ya mililita 30 ya wiski ya asilimia 40 ina kilevi halisi cha mililita 12. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25, yaani toti 2 ni karibu sawa na bia 1. Konyagi ndogo ya mililita 200 ina mililita 70, ambazo ni karibu bia 3. Anayejisifu kwamba yeye “hanywi sana, ni kichupa kidogo tu” kabla ya kushika usukani Barabara ya Morogoro kutoka Kibaha kwenda Mlandizi, hesabu yake ndiyo hiyo.

Likiulizwa swali la wanywaji wa Maili Moja, basi, mpangilio wa kuaminika ni huu: kwa anayeanza, Jameson, kwa mwenye kupenda utamu, Bourbon yoyote ya kweli, kwa mwenye koo gumu na fedha za kutosha, Lagavulin ya miaka 16, na kwa anayetaka ubora bila kulipia jina, Bain's ya Wellington, akiipata. Johnnie Walker ya lebo ya bluu ni nzuri, lakini sehemu kubwa ya bei yake ni sanduku na macho ya watu wa meza ya pili.

Gongo ya mabibo haiwezi kuwekwa katika orodha hiyo, na si kwa sababu ya ladha. Hakuna maabara inayoipima, hakuna lebo inayotaja nani aliipika, na anayeipika vizuri hana namna ya kujitofautisha na yule anayemwagia methanoli, kwa kuwa mbele ya sheria ya mwaka 1966 wote wawili ni wahalifu sawa. Korosho za Kisarawe hupimwa, huwekwa madaraja na kuuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani. Mabibo yake hubaki chini ya miti.